Anayeonekana Kabla ya Kulia

Kambi ya Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Ilikuwa mashariki ya mji wa Kigoma, enzi zile Uvinza bado haijawa wilaya, na kwa zaidi ya miaka kumi iliwahifadhi Wakongo waliokimbia vita ng'ambo ya ziwa. Kabla haijafungwa iliingizwa humo mashine ndogo ya altrasaundi, ya kubebeka, na watumishi wa afya wa kambini wakafundishwa kuitumia. Adler na wenzake, Mgalula akiwa mmoja wao, waliandika habari zake mwaka 2008 katika jarida la kimataifa la tiba ya dharura. Kambini mtu hupangia foleni maji, kuni na unga wa msaada. Na humo humo mama mjamzito akaweza kulala kitandani na kuonyeshwa mtoto ambaye bado hajamzaa.

Leo mashine kama ile si ajabu tena. Zipo Maweni, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, na zipo kwa watu binafsi mjini, ambako bei ya kipimo imebandikwa ukutani. Kinachonishughulisha ni kitu kingine. Mtu akishaonekana, anawadai nini waliomwona? Na akionekana ana kasoro kwenye ubongo, katika mkoa ambao mtoto wa namna hiyo kwa kawaida huandikiwa rufaa ya kwenda Mwanza au Dar es Salaam, kuonekana huko kunamfaa nani?

Watu wa ziwa hawana haja ya kufundishwa sana habari ya kuona kwa sauti. Miaka ya 1990 mradi wa utafiti wa Ziwa Tanganyika, uliozihusisha nchi zote nne za mwambao, ulikuwa na meli yake, Tanganyika Explorer, iliyokuwa ikipeleka mlio chini majini na kusikiliza unavyorudi, ili kukadiria wingi wa samaki wa maji ya wazi kama dagaa na migebuka. Ziwa lina kina cha mita 1,470. Jicho haliwezi kufika, mlio unafika. Unagonga kundi la samaki, unarudi, na kutokana na muda uliochukua unajulikana umbali wake. Altrasaundi ya mjamzito ni ya ukoo huohuo. Inapeleka mlio wa mitetemo mamilioni kwa sekunde, wakati sikio la binadamu linaishia kwenye mitetemo 20,000 hivi. Mlio unapita kwenye maji ya uzazi, unagonga nyama, unagonga mfupa, kila kimoja kinaurudisha kwa namna yake, na mashine inachora. Ian Donald, daktari wa uzazi wa Glasgow, mwaka 1955 alianza kujaribu kwa mashine ya kiwandani iliyotumika kutafuta nyufa ndani ya chuma. Mwaka 1958 yeye, John MacVicar na mhandisi Tom Brown walichapisha picha zao katika jarida la Lancet.

Nautaja ukoo huu kwa sababu unatuweka mahali petu. Kilichopo kwenye kioo ni mwangwi, na mwangwi unahitaji wa kuusoma. Mvuvi mzoefu na mgeni wanaweza kuangalia maji yaleyale, mmoja akaona samaki na mwingine akaona giza.

Tangu mapema kabisa, ubongo ulikuwa katikati ya habari hii. Mwaka 1972 Stuart Campbell na wenzake huko Uingereza waliripoti mimba ya wiki 17 ambayo altrasaundi ilionyesha mtoto asiye na fuvu la juu, ubongo wake haukuwa umeumbika, na mimba hiyo ikasitishwa. Kuona na kuamua vilizaliwa pamoja, pacha. Mwaka 1986 Nicolaides, Campbell tena na wengine wakaonyesha kwamba mtoto mwenye mgongo wazi anaweza kutambuliwa kwa kutazamwa kichwa: fuvu linabonyea pande mbili za paji likapata umbo la limau, na ubongo mdogo wa kisogoni, ukivutwa kuelekea chini, unajikunja kama ndizi. Mpaka leo wataalamu duniani kote wanasema limau na ndizi. Tatizo liko kiunoni, dalili yake iko kichwani, na miaka mingi ilipita kabla mtu hajafikiri kutazama juu.

Chumba cha kipimo huwa kidogo, pazia limevutwa. Mama anapanda kitandani, anashusha kitenge mpaka chini ya tumbo, jeli ya baridi inammiminikia anashtuka kidogo. Kichwa cha mtoto wa wiki 20 kinatokea kwenye kioo: duara refu jeupe, ndani kijivu, na mstari unaopita katikati kuugawa ubongo nusu kwa nusu. Mpimaji anasogeza alama mbili za msalaba, moja anaiweka ukuta wa huku wa chumba cha maji ya ubongo na nyingine ukuta wa kule, na mashine inaandika namba pembeni. Chini ya milimita 10, sawa. Kuanzia 10 mpaka 15, kuna la kufuatilia. Ikizidi 15, chumba kimepanuka sana. Anashuka kisogoni kuutazama ubongo mdogo na nafasi ya maji iliyo nyuma yake. Halafu anaufuata mgongo, pingili kwa pingili, mpaka mkiani.

Wakati wote huo mama hatazami kioo. Anamtazama mpimaji usoni. Namba hazijui na vivuli havijui, lakini uso wa mtu anaujua vizuri sana. Nyusi zikikaribiana anaona, mkono ukirudi mara ya tatu mahali palepale anahesabu.

"Daktari, mzima?"

"Ngoja kwanza, mama."

Nimesikia watu wakisema kwamba mashine imemkaribisha mama kwa mtoto wake. Ni kweli kwa wengi, na furaha yao ni halali. Lakini katika dakika ile ya kungoja mama anakuwa peke yake kuliko alivyowahi kuwa, kwa sababu mgeni ameshajua habari ya tumbo lake na yeye mwenye tumbo bado.

Kuna jambo la umri wa ubongo ambalo ningependa kila anayepokea karatasi ya kipimo aambiwe. Wiki ya 20 ubongo wa mtoto bado ni laini. Mikunjo yote tunayoiona kwenye picha za vitabuni huja baadaye, mingi yake baada ya mwezi wa sita. Daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo ndiyo kwanza limekamilika kujichora. Kwa hiyo zipo kasoro ambazo siku hiyo haziwezi kuonekana hata kwa mashine ya bei kubwa mikononi mwa bingwa, kwa kuwa kitu chenyewe bado hakijaumbwa. Kipimo kinamkuta mtoto njiani. Kusema "ubongo uko sawa" ni kusema uko sawa mpaka hapa ulipofika. Na kila mmoja wetu, msomi wa Muhimbili na mvuvi wa Kibirizi, aliwahi kuwa na ubongo laini usio na mkunjo.

Ila kuna jambo jingine ambalo limekwisha zamani kabla ya kipimo. Asili ya ubongo na uti wa mgongo ni mrija mmoja, mrija wa neva, nao hufunga katika siku 28 za kwanza tangu mimba itungwe. Usipofunga juu, fuvu na ubongo haviumbiki. Usipofunga chini, mgongo unabaki wazi. Siku 28! Mama wakati huo amechelewa siku zake kwa wiki mbili hivi, pengine anadhani ni uchovu wa shamba. Mwaka 1991 utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza ulithibitisha kwamba wanawake waliowahi kupata mtoto wa aina hiyo, wakianza asidi ya foliki kabla ya mimba nyingine, hatari ya tatizo kurudi hupungua kwa asilimia 72. Ndiyo sababu wanawake wote wanashauriwa kuianza kabla ya kubeba mimba. Sasa tazama ratiba yetu. Takwimu za kitaifa za 2015/16 zilionyesha kwamba ni kama mjamzito mmoja kati ya wanne tu aliyeanza kliniki katika miezi mitatu ya kwanza. Wengine wote, vidonge vya damu vyenye foliki ndani yake vinawafikia mrija ukiwa umeshafunga au umeshashindwa kufunga. Vinasaidia damu, na visiachwe kamwe, lakini kwa mgongo vimechelewa.

Serikali iliona hilo, na mwaka 2011 zikatungwa kanuni za kuongeza virutubishi, foliki ikiwamo, kwenye unga wa ngano na wa mahindi unaotoka viwandani. Ni hatua ninayoisifu kwa dhati. Lakini ukishuka mwambao, Ujiji, Kalalangabo, Ilagala, sahani ya jioni ina ugali wa muhogo, dagaa na mawese. Muhogo haumo kwenye kanuni zile, wala hauendi kiwandani. Unalowekwa, unaanikwa, unapelekwa mashineni mtaani na kurudi nyumbani kwenye beseni. Maharage ya Kasulu na Buhigwe yana foliki yake ya asili, na mboga za majani pia, lakini wanawake wanaozihitaji zaidi mara nyingi ndio wanaopakua mwisho.

Haya nayasema kwa sababu ya lawama. Mtoto akizaliwa na kichwa kikubwa au mgongo wazi, swali la kwanza mtaani ni nani kakosa. Mama alitembea nje. Mama hakufanya dawa za ukoo. Mama alimcheka mlemavu akiwa mjamzito. Wazazi wengi wa watoto hawa wameshuhudia hadharani jinsi baba alivyoondoka siku chache baada ya kujifungua, akaacha nyuma maneno. Kumlaumu mama kwa kasoro ya mrija wa neva ni kumlaumu kwa jambo lililomalizika kabla hajajua kama kuna jambo. Kama kuna wa kuulizwa, ni sisi tulioacha sahani yake bila kitu ambacho kanuni ilikusudia kiwemo.

Wazee wetu hawakumhesabu mtoto kabla hajalia. Nguo hazinunuliwi mapema, jina halitajwi kwa sauti, na mimba yenyewe haitangazwi mpaka ijitangaze. Wapo wanaouita ushirikina. Mimi naona ilikuwa stara. Palikuwa na eneo la giza ambalo jamii ilikubaliana kutolichungulia, na ndani ya giza hilo mama alilindwa na maswali ambayo hayakuwa na majibu. Mtoto akifa, aliondoka bila kuwa amewekwa hadharani. Akizaliwa na tatizo, lilipokelewa pamoja naye, likiwa na sura, vidole na kilio, yaani likiwa mtu.

Altrasaundi imeondoa pazia hilo na hatujaweka kitu mahali pake. Kwa mtoto aliyezaliwa tunajua la kufanya: uji, maji ya moto, bibi wa kukaa naye siku arobaini. Kwa msiba tunajua hata zaidi. Mkeka unatandikwa, wanaume wanakaa nje, daftari la michango linafunguliwa, hakuna wa kuambiwa afanye nini. Lakini mama aliyeambiwa saa nne asubuhi kwamba mtoto aliye tumboni ana maji mengi kichwani, mimba ya miezi sita, anatoka nje na karatasi imekunjwa ndani ya kadi ya kliniki, anaita bodaboda, anarudi nyumbani kupika. Hakuna mkeka wa habari ya namna hiyo. Tumepata jicho kabla ya kupata desturi ya kuishi na linachokiona, na uzito wote wa pengo hilo anaubeba mtu mmoja.

Nianze na habari iliyo ngumu kuliko zote. Mtoto ambaye fuvu na ubongo wake havikuumbika hawezi kutibiwa, si Kigoma tu, popote. Baadhi huzaliwa wameshafariki, na anayezaliwa hai kwa kawaida huishi saa au siku chache. Je, kumwona mapema kuna faida? Sheria yetu inaliacha jambo hili kwenye ukimya mgumu. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 150 hadi 152, inafanya kutoa mimba kuwa kosa; kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama; mtoto asiyeweza kuishi hatajwi. Waislamu wa Ujiji wana mjadala wao, mpana zaidi ya wanavyodhani wengi. Baraza la Fiqhi la Rabita, jumuiya ya ulimwengu wa Kiislamu, lilipokutana Makka Februari 1990, liliona kwamba kabla mimba haijatimiza siku 120 inaweza kusitishwa, ikiwa kamati ya madaktari waaminifu imethibitisha kasoro kubwa isiyo na tiba na wazazi wakaomba. Baada ya hapo, uhai wa mama tu. Siku 120 tangu kutungwa ni kama wiki ya 19 kwa hesabu ya kliniki. Kipimo cha ubongo hufanywa kati ya wiki ya 18 na ya 22. Kinaangukia mlangoni kabisa, na mama anayefika kliniki mwezi wa sita ameshaupita mlango bila kuuona. Kanisa Katoliki, ambalo nalo lina mizizi mirefu huku, linasema uhai huo haukatizwi hata siku moja. Sioni kama ni haki kwa aliye nje ya chumba kile kuzungumza kwa sauti kubwa kumzidi aliye ndani.

Lakini kuna sehemu ya jambo hili ambayo dini zote mbili zinakubaliana nayo, na inanigusa kila nikiifikiria. Mtoto yule akivuta pumzi hata mara moja, ni mtu kamili. Kwa Mwislamu, ataadhiniwa sikioni, atapewa jina, akifa ataoshwa, atakafiniwa, ataswaliwa na kuzikwa kama mzee wa mtaa. Na kwa kanuni za mirathi, uhai wake mfupi unahesabiwa. Kwa Mkatoliki, nesi wa zamu anaweza kumbatiza kwa maji ya bomba ikiwa padri hawezi kuwahi. Hakuna anayeuliza ubongo una milimita ngapi. Utu wake haukungoja kipimo wala haukuondolewa nacho. Hapo ndipo naona faida ya kujua mapema hata pasipo na tiba: kwamba baba awepo, kwamba shehe au padri awe ameambiwa, kwamba jina liwe limefikiriwa, kwamba mama asiletewe kitu kimefungwa kwenye kanga na kuambiwa usitazame. Kwa mtoto mwenye saa moja ya kuishi, saa hiyo ndiyo maisha yake yote, na ni nani asingependa kuyaandaa maisha ya mwanawe?

Kwa vichwa vikubwa na mgongo wazi habari ni nyingine kabisa, na hapa sina subira na wanaosema bora tusijue. Mgongo wazi unatakiwa kufungwa kwa upasuaji ndani ya siku mbili tatu tangu kuzaliwa, kabla wadudu hawajaingia kwenye uti wa mgongo na ubongo. Tanzania tuna wanaoweza kazi hiyo. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili imeifanya miaka mingi na madaktari wake wamewahi kuzunguka mikoani, hospitali ya Bugando, Mwanza, wanaifanya, na wazazi wana chama chao, ASBAHT, wanaposhikana mikono. Sasa mtoto amezaliwa Kalya, kusini huko mwambaoni, ambako boti ndiyo njia ya wengi. Boti haiondoki mpaka ijae. Ziwa likichafuka inalala. Kigoma mjini anaandikiwa rufaa. Basi au treni, Reli ya Kati ni zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Dar es Salaam. Siku tatu zimekwisha kabla ya Tabora. Mama yuleyule, kama angeambiwa mwezi wa tano, angesafiri na mtoto tumboni, mahali salama kuliko chombo chochote cha usafiri, akajifungulie karibu na chumba cha upasuaji. Hapo picha na mguu wa mtoto, picha na akili ya mtoto, vina uhusiano wa moja kwa moja. Kumficha mama habari kwa huruma kungekuwa kumnyang'anya mwanawe siku zile tatu.

Umbali unaweza hata kuibadili tiba yenyewe. Mbale, mashariki ya Uganda, kwenye hospitali ya watoto ya CURE, daktari Benjamin Warf mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikutana na watoto wa vichwa vikubwa kwa wingi. Tiba iliyozoeleka ni mrija unaochukua maji kichwani kuyapeleka tumboni. Mrija huziba. Ukiziba Boston, mtoto anafikishwa hospitali usiku huohuo. Ukiziba kijijini, anaweza kufa kabla ya gari kupatikana. Warf akatumia endoskopi kufungua njia mpya ya maji ndani ya ubongo na kuunguza sehemu ya tishu inayoyatengeneza, ili mtoto arudi nyumbani bila kutegemea kifaa. Utafiti wa watoto 100 wa Mbale uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja, kwa kipimo cha akili, waliotibiwa kwa endoskopi hawakuachana na waliowekewa mrija. Kilichonivutia ni kwamba daktari alianza kufikiri kutoka kwenye barabara ya mama, akarudi nyuma mpaka chumba cha upasuaji. Niongeze pia kwamba wengi wa watoto wale wa Mbale walipata maji kichwani kwa maambukizi baada ya kuzaliwa. Tumboni wasingeonekana na kasoro yoyote. Karatasi ya kipimo iliyo safi isimfanye mtu aache kunawa mikono anapomshika mtoto mchanga, wala achelewe kuitafutia tiba homa ya wiki ya kwanza.

Kati ya isiyotibika na inayotibika kuna habari ya tatu, na kwa kweli ndiyo hukaa na watu muda mrefu zaidi: milimita 11. Chumba cha maji kimezidi kidogo, mengine yote yanaonekana sawa. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto wa namna hii, ikiwa kweli hakuna tatizo jingine, hukua kama wenzao. Mtaalamu anasema, rudi baada ya wiki nne. Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilipendekeza kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24; moja, na kwa nchi nyingi hata hiyo ni mzigo. Milimita 11 inaomba ya pili. Wiki nne hizo mama anaishi na nani? Anamsikiliza mtoto anapocheza tumboni, anajiuliza kama kucheza huku ni kwa mzima. Anaogopa kulitaja jina alilokuwa ameshalichagua. Hapo namba haijamwambia chochote juu ya mtoto wake, imemwambia tu kwamba sisi hatuna hakika, na amepewa kutokuwa na hakika kwetu akabebe yeye. Ningependa mtu wa kumweleza hivyo hasa, kwa Kiswahili cha kawaida au kwa Kiha, akiwa ameketi na si amesimama mlangoni: tisa kati ya kumi huwa wazima, sababu ya kurudi ni hii, nauli ya kurudi tumeipanga hivi.

Wapo watakaosema haya ni ya nchi tajiri. Kigoma ina jibu lake, na ni la zamani. Mwaka 1984 katika hospitali ya mkoa huu vifo vya uzazi vilifikia 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Kufikia 1991 vilikuwa 186. Daktari Godfrey Mbaruku, aliyeongoza kazi ya kuvipunguza, alichapisha habari zake pamoja na Staffan Bergström mwaka 1995, na sehemu kubwa ya waliyofanya ni kutumia vizuri kilichokuwepo na waliokuwepo. Mama wa Kigoma waliokoka kwa sababu watu waliamua kifo cha mzazi hakitapita tena kama jambo la kawaida. Mbaruku amekwishafariki, lakini hesabu ile iko palepale, na inahusu moja kwa moja jicho letu jipya: mashine itafaa kadiri ya watu waliopangika kuizunguka.

Basi tuanzie pale tulipo tayari na mazoea ya kupangika. Karibu kila mtaa wa Mwanga, Gungu na Ujiji una kikundi cha vikoba, na kila kikundi kina mfuko wa jamii. Mfuko huo una masharti yake: msiba wa mzazi, kiasi hiki, mwanachama kulazwa, kiasi hiki, mwali kutolewa, kiasi hiki. Yasomwe upya wakati wa mgao. Liongezwe sharti la mama aliyepewa rufaa kwa kipimo cha mimba: nauli ya watu wawili, asiende peke yake, na mwanachama mmoja wa kulala nyumbani kwake na watoto waliobaki. Mhazini aandike tu "rufaa ya mjamzito" kwenye daftari. Kilichoonekana kwenye kioo kibaki kwa mama na kwa aliyemsindikiza.